Jina Moja kwenye Karatasi

Sada binti Twalib hakuwa mtu wa siri, na hilo liwekeni akilini tangu mwanzo. Pale Mingoyo, njia panda ya kwenda Lindi, Mtwara na Masasi, mama huyu hakununua hata doti ya khanga mpaka ameizungusha kwa majirani watatu, kila mmoja aivute, alisome jina lake, aseme itachuja au haitachuja. Akiumwa jino, mtaa mzima unaumwa. Sasa mtu wa namna hiyo, akiwa na miaka hamsini na mbili, ndiye aliyekuja kuambiwa anunue kitu ambacho haruhusiwi kumwambia mtu yeyote kwamba amekinunua. Mtihani huo, jamani!

Mumewe, Ibrahimu, alikufa miaka minne nyuma akamwachia vitu vitatu: lori aina ya Fuso, mtoto mmoja wa kiume aitwaye Majid, na dereva. Dereva sikosei kumtia humo. Benedikto alikuwa Mmakonde wa huko Rondo, Mkristo, mtu mfupi mwenye mikono mipana, na alikuwa ameliendesha lile Fuso tangu likiwa na rangi yake ya kiwandani. Ibrahimu alipozidiwa, Benedikto ndiye aliyemlaza nyuma ya lori juu ya magodoro mawili akamkimbiza hospitali, na ndiye aliyemrudisha akiwa maiti. Tangu siku hiyo Sada humwita kaka. Yeye humwita Sada "Mama Majid", na mshahara ukichelewa haulizi mara mbili.

Kuna mtu mwingine lazima mumjue, naye ni Stella, muuza mihogo ya kukaanga pale stendi. Ukoo wa Stella na ukoo wa marehemu Ibrahimu ni watani tangu enzi za mababu. Na watani wa kwetu kusini si watu wa kutaniana kwa maneno tu. Wanateka! Bibi harusi akitoka, wanamkamata mlangoni mpaka akombolewe kwa kitenge. Mtoto akizaliwa, wanambeba wanaondoka naye mpaka baba yake alete soda. Hata Ibrahimu siku ya maziko yake, Stella na ndugu zake waliingia kaburini wakalala chali, wakasema hapa haingii mtu, huyu tunamdai sana, mkomboeni kwanza. Sada alicheka huku machozi yakimchuruzika, akatoa jogoo, na mumewe akazikwa. Ndivyo tulivyo, na asiyetujua hudhani tuna wazimu.

Basi. Mwaka jana, baada ya msimu wa korosho, ikaja kazi. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akijenga kambi ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, alitaka mtu wa kumpelekea unga, vitunguu, mafuta na dagaa wakavu kwa miezi sita. Malipo yake yalikuwa mazuri kupita kiasi, na kila mtu mwenye akili anajua kwa nini malipo huwa mazuri kupita kiasi. Huko ng'ambo kulikuwa na watu wa porini wenye bunduki. Dereva mmoja wa Kitomanga alikuwa ametekwa huko, akakaa siku arobaini, ndugu zake wakauza mashamba mawili kumkomboa. Alirudi, ndiyo, lakini siku hizi anakaa kibarazani amegeukia ukuta, ukimsalimia anaitikia ukuta.

Sada alitaka kukataa. Lakini Fuso lilikuwa halina tairi nzuri hata moja, mzigo wa Mtwara umegawanywa na wenye malori mapya, na Majid, ambaye ana miaka ishirini na saba na stashahada ya biashara isiyompa hata chai, alisema, "Mama, tukiikataa hii, tuliuze gari tununue mbuzi." Akasema atakwenda mwenyewe kusimamia mzigo. Benedikto naye aliulizwa. Alikuna kidevu chake, akasema, "Barabara ni barabara tu. Kijana akienda, nami naenda."

Aliyemwambia Sada habari za bima alikuwa Valentini, yule wakala aliyemkatia bima ya gari miaka yote, mwenye chumba cha ofisi juu ya duka la vyombo mjini Lindi. Kijana mpole, shati lake limepigwa pasi hadi kola inasimama. Alimsikiliza Sada akieleza safari, kisha akainuka akafunga mlango.

"Mama, ipo bima ya mtu kutekwa," alisema kwa sauti ya chini. "Akitekwa, kampuni inaleta wataalamu wa kuongea na watekaji, na inalipa cha kumkomboa. Lakini ina sharti. Ni siri. Usimwambie jirani, usimwambie shehe, na mwenye jina lake kwenye karatasi naye asijue."

"Asijue? Bima yake mwenyewe?"

"Akijua atasema, mama. Atasema kijiweni, au atasema akishikiwa bunduki. Watekaji wakisikia kuna kampuni nyuma, bei inapanda mara kumi. Na wengine, samahani, hutekwa na jamaa zao wenyewe. Ikijulikana tu kwa watu, bima imekufa. Likitokea la kutokea, funga mdomo, nipigie mimi kwanza."

Kisha akataja bei: milioni mbili na laki nne kwa jina moja, miezi sita. Majina mawili, lipa mara mbili.

Sada alirudi nyumbani na hesabu hiyo kifuani. Pesa ya korosho ilitosha jina moja, ikabaki ya dizeli. Jina la pili lingetoka wapi? Alijua lingetoka wapi. Kwenye kasha lake, ndani ya soksi ya marehemu, kulikuwa na bangili mbili za dhahabu alizoachiwa na mama yake, alizoziweka kwa ajili ya mkwe atakayeletwa na Majid. Majid hana hata mchumba, mchumba mwenyewe hajulikani yuko wapi, lakini bangili zake zinamsubiri. Wanawake tuna mambo.

Siku tano alibeba jambo lile peke yake, na hakuwahi kubeba jambo peke yake maishani. Alimenya mihogo akajikata. Aliweka chumvi mara mbili kwenye mchuzi mmoja. Jirani yake Maimuna alimuuliza, "Mama Majid, una nini?" akajibu, "Presha." Alitamani amuulize shehe kama bima hiyo ni halali au ni kumfanyia Mungu ujeuri, asiweze. Alitamani hata Stella amtanie ayatoe kwa kicheko, asiweze.  Kila akifumba macho alimwona yule wa Kitomanga na ukuta wake, halafu yule mtu anageuza uso, na uso ni wa Majid. Haukuwa hata mara moja wa Benedikto. Hilo alilijua, na lilimuumiza.

Siku ya tano alichukua bangili akapanda gari kwenda Lindi. Alifika mpaka mlangoni kwa sonara. Mlango ulikuwa umefungwa, sonara amekwenda kuswali adhuhuri. Mtu anayekwenda kuswali adhuhuri anarudi, sivyo? Nusu saa, dakika arobaini. Pana benchi pale nje, tena lina kivuli. Sada hakukaa. Alisema moyoni, Mungu hakupenda. Alimsingizia Mungu, jamani, kwa sababu ya swala ya dakika ishirini! Akapanda ngazi za Valentini na pesa ya jina moja.

"Tuandike nani, mama?"

"Majid Ibrahimu."

"Na dereva?"

Sada aliangalia dirishani. Alisema dereva ni mtu mzima, anaijua barabara, na ana watu wake huko Rondo, watamchangia.  Valentini aliandika, akagonga muhuri, akamkabidhi karatasi ndani ya bahasha ya kaki, na Sada akaenda kuificha kwenye pipa la mchele.

Sasa sikieni. Siku mbili kabla ya safari alikuja Devota, mke wa Benedikto, ameshuka kutoka Rondo na mtoto mgongoni na kapu la njugu mawe. Alikaa mkekani na kunyoosha miguu kwa adabu, wakaulizana hali za wagonjwa na mashamba. Kisha akasema lililomleta.

"Mama Majid, nimekuja kukukabidhi mume wangu. Kaka zangu walinikatalia, wakasema huko watu wanashikwa, likitokea jambo utamlilia nani? Nikawaambia, Mama Majid yupo. Yule mama hawezi kumkomboa mwanawe akamwacha baba wa watoto wangu."

Sada alifungua mdomo. Karatasi ilikuwa hatua nne kutoka pale, kwenye pipa. Angesema ukweli, bima ingekufa, na Majid angebaki mtupu. Angenyamaza, basi ameipokea ile amana na kuila kama njugu. Alinyamaza. Alisema tu, "Mungu atawarudisha, wifi yangu," akaingia jikoni akajifanya anatafuta sahani. Huko jikoni alilia mpaka khanga ikalowa, kisha akanawa uso akatoka na sahani.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Lori lilikuwa limeshapakiwa tangu jana, turubai limefungwa. Asubuhi kukawa na dua na pilau uani kwa Sada, kama inavyopasa mtu akienda mbali: wasafiri waombe radhi, watu wale, ndipo gari liwashwe. Watu walijaa. Devota alikuwa upande wa masufuria akikoroga kachumbari. Shehe alikuwa amefika. Waliokuwa hawajafika ni wasafiri wenyewe. Majid na Benedikto walikwenda stendi kujaza upepo tangu saa mbili, sasa ni saa nne kasoro. Majid hapokei simu. Benedikto hapokei.

Simu ya Sada ikaita. Namba ngeni.

"Wewe ndiye mama yake Majid?" Sauti nzito ya mwanamume, inakwaruza.

"Ndimi."

"Tunaye. Tunaye na dereva wako pia. Ukiwataka, andaa cha kuwakomboa."

Hapa nawaapia, mtu yeyote wa Mingoyo, yeyote yule, angecheka. Ni siku ya safari, ni mchana kweupe, wasafiri wako stendi anakouzia Stella. Angeuliza, "Mnataka jogoo au mnataka mbuzi, enyi mbwa koko?" Hata Shehe, nadhani, angeuliza hivyo. Sada mwenyewe, Sada wa mwaka juzi, angewajibu watani wale matusi ya kuwatoa machozi. Lakini aliyepokea simu ile si yule. Alikuwa mtu aliyelala wiki mbili na watekaji kitandani, ameyasikia maneno haya haya usingizini kila siku, na yalipokuja aliyatambua.

Alipiga ukelele ambao uliwafanya kuku waruke ukuta.

"Msimguse mwanangu! Msimguse! Majid ana bima! Nimemkatia bima ya kutekwa, kampuni italipa, itawalipa zote!"

Watu wote uani waligeuka. Upande wa pili wa simu kukawa kimya kidogo, kama mtu aliyesahau maneno yake. Kisha ile sauti ikauliza, sasa haikwaruzi sana, "Na huyu dereva je?"

"Huyo hayumo!" Sada alilia. "Nimeandika Majid tu. Huyo hayumo, msiniulize yeye, nipeni mwanangu!"

Na pale pale, kwenye kona ya barabara, wakatokea. Stella mbele, amejipaka masizi usoni, ameshika mwiko kama bunduki. Nyuma yake wanawake sita wa ukoo wake na debe la kupigia ngoma. Katikati Majid na Benedikto, wamefungwa viuno kwa khanga moja. Pembeni yao Yunusu, shemeji yake Stella, mwenye lile koo la kukwaruza, na laini ya simu aliyoisajili juzi. Simu ilikuwa mkononi mwake, ameinyanyua juu, spika imefunguliwa ili kundi zima lisikie Sada atakavyowatukana wapate kucheka. Walikuwa wamesikia. Debe halikuwa likipigwa.

Majid alimtazama mama yake. Stella alijaribu, maskini, alijaribu kuiokoa shughuli. Aliinua mwiko, akasema, "Haya, haya, bima hatuitaki sisi, tunataka majogoo wawili, mtukomboe wote tule!" Hakucheka mtu. Sada alikuwa ameshika simu sikioni bado. Macho yake yalikwenda kwa Devota, na Devota alikuwa ameinamia kachumbari, anakoroga, anakoroga, kitunguu kimeshakuwa uji.

Sada akakimbilia bandani. Alirudi na jogoo wawili, kila mkono mmoja, wanapiga mbawa, manyoya yanamwingia kinywani. "Hawa hapa," alisema. "Hawa hapa, wote wawili. Kaka Benedikto, hawa hapa."

Benedikto aliifungua ile khanga mwenyewe kwa vidole vyake, polepole, bila kuvuta. Aliikunja mara nne akampa Stella. Alitoa ufunguo wa Fuso mfukoni akauweka juu ya sinia la pilau lililokuwa halijaguswa. Kisha akamwendea mkewe, akambeba mtoto, akasema, "Twende tutawahi gari la saa tano."

Jioni ile ile Sada alimpigia Valentini. Alimweleza yote. Valentini aliuliza kitu kimoja tu, "Waliosikia ni wangapi, mama?" Sada akasema, "Mtaa mzima, na shehe." Kijana alivuta pumzi. Alisema pole. Alisema ile karatasi asiichane, lakini asiitegemee tena, na kwamba pesa hairudi. Sada hakubishana. Asubuhi yake Majid aliushusha mzigo wote, akamwambia mkandarasi atafute mtu mwingine. Mama yake hakumwomba asiende. Majid alisema tu kwamba hawezi kukaa kwenye kiti cha abiria akamtazama dereva mwingine.

Wiki ilipita. Stella alipita nyumbani mara mbili, na mara zote mbili alisema, "Shikamoo dada," akaitikiwa, akaenda zake. Hakumwita mchawi, hakumwita kikongwe, hakumwomba chochote kwa nguvu. Sada alitamani atukanwe.

Ijumaa alipanda basi mpaka Mtama, kutoka hapo bodaboda mpaka juu Rondo, vumbi jekundu limemjaa nyusi. Alikuwa amebeba bahasha ya kaki kwenye mkoba, na zile bangili pia, ingawa hakujua za nini. Benedikto alikuwa shambani kwake, anapalilia mihogo. Aliweka jembe, akamkaribisha, akamtolea kigoda, akamwita Devota alete maji ya kunywa. Walimpokea vizuri. Walimpokea vizuri mno.

"Nimekuja kuomba radhi," Sada alisema. "Sina la kujitetea. Pesa ilitosha mmoja, na nyingine nilikuwa nayo, nikaificha. Yule ni mwanangu wa pekee, kaka."

Benedikto alikung'uta udongo viganjani.

"Mama Majid, hilo la karatasi sikulikasirikia. Ungeniuliza ningekwambia mwandike kijana. Mimi nina watoto wanne. Pesa ikitosha mmoja, ningewaandika wao kabla yako na kabla ya Majid. Mzazi ni mzazi."

"Basi rudi. Nakuomba. Ufunguo upo pale pale, hakuna aliyeushika."

 Devota alikuwa amesimama na kata ya maji, hasogei.

"Yule alikuwa Yunusu," Benedikto alisema hatimaye. "Mungu ametuhurumia, alikuwa Yunusu tu na koo lake. Lakini wewe hukujua ni Yunusu. Wewe ulijua tumeshikwa kweli, na bunduki ziko vichwani kwetu. Mtu akakuuliza, na huyu dereva je? Ungesema yumo. Ungesema tu yumo, mama. Nani angekudai karatasi kwenye simu? Neno lile dogo la uongo lingenipa siku moja, labda mbili. Wewe ukawaambia hayumo. Mimi nilikuwa nasikia. Nilisimama pale na khanga kiunoni nikahesabu, nikaona hapo ndipo wangenimalizia."

Sada alifungua mkoba, akaitazama bahasha na zile bangili, akaufunga tena. 

Jua likaanza kushuka, na bodaboda aliyempandisha akapiga honi kule barabarani. Mgeni wa kwetu haondoki peke yake. Mwenye nyumba humsindikiza mpaka njiani, na miaka yote Benedikto alikuwa akimsindikiza Sada hata kwenda dukani, akimbebea mzigo. Siku hiyo aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamtakia safari njema. Kisha akaokota jembe lake.

"Devota," alisema, "mama anaondoka. Msindikize."